Mteja wa Kwanza Harudishwi

Fawzia wa Tanga alikuwa na kazi ambayo hakuiomba: kufufua maduka yaliyokufa. Pale Smithfield, ughaibuni alikohamia, nusu ya mtaa ilikuwa imefungwa, vioo vimebandikwa magazeti, na wenye majengo waliona haya. Dalali wao, Hussam wa Mombasa, akamwita na cherehani yake.

"Mamangu, kaa bure. Lakini akija tenant wa kweli, wa kulipa kodi, watoka."

Rahisi huvunja upishi, lakini mjane aliyeachishwa kazi kiwandani kwa ubovu wa mabega angejibu nini? Duka la kwanza alilikwangua mavi ya njiwa, akalipaka rangi. Wateja walipozoea njia, Hussam akalipangisha, likawa duka la simu. La pili likawa duka la dawa. Yeye kila mara akabeba cherehani yake kama mkimbizi.

La tatu alilipenda. Alifukiza udi kila asubuhi, na wanawake wakaja kutoka mbali, hata Auburn, kuleta mabuibui yao. Hussam akamwahidi kuwa asipopatikana mpangaji kabla ya Idi, ataandikiwa mkataba wake mwenyewe.

"Safari hii sihami," alimwambia bintiye Safaa.

"Mum, don't get attached. Usilizoee mno."

Kwao Tanga mteja wa kwanza wa asubuhi harudishwi, kwa kuwa ndiye anayefungua riziki ya siku. Mama yake aliuza kanga kwa desturi hiyo hadi alipokufa. Basi wiki ya mwisho kabla ya Idi akaingia asubuhi mapema bwana mmoja mwenye shati safi, mikono mitupu, akasema anatazama tu. Fawzia akamkaribisha kiti, kahawa na halua. Bwana akauliza habari za maji, akauliza watu wanapita saa ngapi. Masikini, akamweleza yote! Akamtoa hadi uani kumwonyesha malori yanapoingilia. Bwana akaenda zake anatabasamu, na Fawzia akamshukuru Mungu kwa ufunguzi mwema.

Alasiri Hussam akapiga simu. "Mamangu, yule bwana wa asubuhi amelichukua. Ataka kufungua bakery, aoke mikate. Asema hajapokewa vizuri hivyo popote."

La nne lilikuwa bucha zamani, na harufu ya damu haikutoka kwa sabuni wala kwa udi. Asubuhi ya kwanza mwanamume akasimama mlangoni, shati safi, anachungulia ndani. Huyu naye mpangaji, Fawzia akawaza. 

"Closed!" akapiga kelele kuwa pamefungwa, akatia komeo, akageuza kibao cha mlangoni. "We are closed!"

Mwanamume akashtuka. Akatoa kwenye mfuko suruali ya shule ya mtoto, pindo limefumuka, akaitazama, akairudisha. Fawzia alipoiona akahangaika kulifungua tena komeo la bucha, zito, limeshika kutu. Lilipoachia, yule bwana alikuwa ameshapanda basi.

Hakuja mtu mwingine siku ile. Fawzia alikaa na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akilia, kwa kuwa safari hii hakufukuzwa na mtu. Mlango wa riziki aliufunga kwa mkono wake mwenyewe.