Ujumbe Uliokatika Kutoka Salamabila

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu Riziki, ambayo haijaniacha nikae. Tangu jana uliponionyesha ile mashine yako ndani ya kompyuta, nimezunguka ua huu mpaka kuku wananishangaa. Maji ya chai nimeyachemsha mara mbili nikayasahau. Acha niseme, labda moyo utatulia.

Wewe umesoma, mimi ni shangazi yako tu, lakini nilikuelewa. Mashine inasoma jumbe ambazo wachimbaji wa Salamabila wanatuma kwa simu, halafu inawapa jamaa zao wa hapa Kasongo habari kwa kifupi. Ndani yake mna sehemu mbili. Moja imesomeshwa jumbe nyingi sana mpaka ikazoea jinsi watu wanavyosema; ikipata nusu, inabahatisha nusu iliyobaki. Nyingine inafuata kanuni: kikiwa hiki, basi na kile, huyu akiwa huku, hawezi kuwa kule. Ukasema hii ya pili inakuchelewesha na kesho utaitoa, maana ile ya kwanza karibu haikosei kamwe.

Mwanangu, mimi pia karibu sikukosea kamwe.

Nilipokuwa msichana wa rika lako, kabla simu hazijafika, niliendesha foni hapa Kasongo, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Sauti ilikuja na mikwaruzo kama mchele kwenye ungo. Mgeni asingeokota hata neno. Mimi niliyaokota yote, kwa sababu sikio lilikuwa limezoea: mtu akitaja homa, najua ataomba dawa, akitaja shimo, najua kilio kinafuata. Watu walinisifu, nami kichwa kikanivimba. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, lakini nani husikiliza wahenga wakati anasifiwa?

Mchana mmoja Salamabila wakaita. Sauti ilisema: "Peleka kwa bibi ya Musafiri. Shimo imeanguka leo asubui. Wenye kuingia wote wamekufa. Musafiri alienda Wamaza jana, hajarudi..." Hapo batri yao ikaisha, sauti ikakatika.

Niliandika yote kwenye kaye, lile daftari la jumbe. Mkono uliandika neno kwa neno, lakini kichwa kilikuwa kimeshaumaliza ujumbe chenyewe. Sikusoma tena. Nilikimbia kwa Zaina, mke wa Musafiri, nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia mumewe amekufa shimoni.

Mchi ulimponyoka. Kufika jioni ua ulijaa, wanawake wameketi chini, Zaina amenyolewa nywele zote kama mjane, na kaka yake ameshaondoka kwenda kuleta maiti.

Mama yake Musafiri alikuwa mwanamke mzee asiyejua herufi hata moja. Yeye hakulia. Aliniita karibu.

"Mutoto, soma vile walisema. Si vile ulisikia. Vile walisema."

Nikafungua kaye, nikasoma.

"Shimo imeanguka siku gani?"

"Leo asubui, mama."

"Na Musafiri alienda Wamaza siku gani?"

"Jana."

"Amerudi?"

"Walisema hajarudi."

"Sasa mutu mumoja iko Wamaza na anakufa Salamabila?"

Nilipitisha kidole tena kwenye mistari ile.

"Nani alikuambia mutoto wangu amekufa?"

"Hakuna, mama. Nilijua tu."

"Hukujua. Ulizoea."

Neno lile, Riziki, linaniwasha mpaka leo.

Siku ya tatu Musafiri aliingia kwa miguu, mfuko wa karanga begani. Nyumba nyingine zililia kwelikweli wiki ile, lakini pale kwao vigelegele vilipigwa. Zaina alicheka, akalia, akamshika mumewe mashavu. Kisha akaniona nimesimama pembeni, akapeleka mkono kichwani, pale palipokuwa na nywele. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nywele ziliota, lakini miaka yote tuliyokutana sokoni, mkono wake ulipanda kichwani kwanza, ndipo anisalimu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini usije ukadhani nakuambia sikio ni kitu bure. Yule mama, ungemweka mbele ya foni, angesikia mikwaruzo tu. Bila sikio langu asingepata neno la kufikiria. Nami bila akili yake nilimzika mtu aliye hai. Ujumbe ulikatika, na kila mmoja wetu aliumalizia: mimi kwa mazoea, yeye kwa kufikiri.

Basi usiitoe, mwanangu. Nakuomba. Sehemu ya kwanza isikie, na ya pili iulize: jambo hili linawezekana? Zikigombana, mashine isione haya kusema "sijui", na mtu amtafute aliyetuma amuulize. Kuuliza si ujinga. Unaogopa kuchelewa? Mimi ningechelewa muda wa kusoma mistari minne tu, Zaina angebaki na nywele zake. Na ukiniambia itakosea mara moja moja, ujue hiyo mara moja ina jina, ina mke, ina mama.

Haya, njoo tunywe chai hii ya tatu, nisije nikaisahau nayo. Mungu akupe sikio jepesi na moyo usiochoka kusoma mara ya pili. Habari utakazopeleka milangoni mwa watu ziwe za kweli, hata zikiwa chungu. Na utakapozeeka, upite sokoni Kasongo ukisalimiwa na wote, na asiwepo hata mmoja ambaye mkono wake utapanda kichwani akikuona. Amina, mwanangu.