Macho ya Ndugu

Kabla mwenyekiti hajawasimulia, acheni niseme mwenyewe. Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji chetu kipya cha ujamaa, huku Bunda. Juzi alikuja Bibi Nyangeta, mjane anayeishi peke yake.

“Daktari, Ndugu anatokwa tongotongo. Asubuhi macho hayafunguki.”

Nikadhani ni kaka yake aliyekuja kumtembelea. “Anawe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila jicho na kitambaa chake.”

“Hanawagi mwenyewe. Nywele nazo zinamwingiaga machoni.”

“Mtu mzima! Mpunguze nywele, na uvivu aache!”

Jana nikamchukua mwenyekiti wa kijiji, tukamwonye mvivu huyo. Nikapiga hodi nyumbani kwa Bibi kwa sauti kubwa: “Ndugu, toka nje!”

Kikatoka kijibwa chenye manyoya marefu, macho yanang'aa, kikanilamba kiatu. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukuta. Nami kwa aibu nikafoka: mbwa anaitwaje Ndugu?

Bibi aliinama, akamfuta jicho taratibu.

“Mlipotuhamishia hapa mlisema wote tutakuwa ndugu. Mpaka leo ninaye huyu tu. Na hata hodi yenu, mmempigia yeye.”