Mchanga wa Anti Mueni

Kuna watu huko Kitui, Kenya, ambao hawajawahi kuniona hata kwa picha, lakini sauti yangu wanaijua, na wakiisikia tena nadhani watakimbia. Nimekaa na aibu hii nikingoja ipungue ndipo niisimulie, nayo haipungui, kwa hivyo acha niitoe tu mcheke (mkimaliza kucheka mnisubiri mwishoni, kwa sababu huko mwishoni mimi mwenyewe sijaweza kucheka).

Yote yalianzia darasani, hapa Doha, siku mwenzetu mmoja anayeishi The Pearl, mtaa wa matajiri, alipotuonyesha video ya chatu wake amejilaza kwenye kochi la ngozi kama mgeni wa heshima. Kila mtu akashangaa. Mimi, ambaye kazi yangu darasani ni kuharibu sifa za wenzangu, nikasema nyoka asiye na sumu ni mshipi tu uliokosa suruali, na kwamba sisi Wakenya tukiamua kufuga nyoka tunafuga mwenye sumu. Darasa zima likacheka, nikasikia raha, na hiyo raha ndiyo iliyoniponza, maana Faisal, rafiki yangu ambaye mjomba wake ana shamba nje ya mji, aliniuliza kwa upole kabisa, "Sasa wewe utaanza na yupi?"

Ningesema natania, mambo yangeishia hapo. Nikasema bado nachagua.

Basi ikabidi nichague kweli, kwa sababu kila asubuhi waliniuliza nimefika wapi. Koboko nilimtoa mapema, ana mbio kuliko mwalimu wetu wa michezo. Swila anatema sumu machoni, na macho yangu tayari yana shida zake. Kifutu nikamwacha kwa sababu nyanya yangu humtaja kwa sauti ya chini, na nyanya yangu haogopi hata chifu. Kila aliyeandika kuhusu kufuga nyoka wenye sumu alisema neno lilelile, kwamba mtu anayeanza asianze na hao, nami nililisoma neno hilo kama mnavyosoma masharti ya app, yaani nikateremka hadi chini nikabonyeza nimekubali. Mwishowe nikamteua nyoka wa jangwa la hukuhuku, yule mwenye vipembe viwili juu ya macho, kwa sifa moja tu: ni mvivu. Anajizika mchangani anatulia humo kutwa, unaweza kusimama karibu naye usimwone. Nilitangaza uamuzi huo kwa kifua mbele, kwa kuwa nilijua siwezi kumpata popote.

Alhamisi Faisal akaja na mtungi wa plastiki uliofungwa kwa kitambaa. Wafanyakazi wa mjomba wake walikuwa wamemnasa yule mwenye vipembe karibu na banda la mbuzi. "Khalas, yamekwisha, mtu wangu, huyo ni wako," akasema, na darasa zima lilikuwa linanitazama, sasa ningerudisha vipi? Nikampakata kwenye basi la shule hadi kwetu Al Rayyan, huku nikitabasamu kama bwana harusi.

Na nyumbani wiki hiyo tulikuwa na msiba. Anti Mueni si ndugu yetu wa damu, ni rafiki ya mama, anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja huko The Pearl, na siku zake za mapumziko hulala kwetu, kwenye kitanda changu, mimi huhamia kochini (sijawahi kulalamika, kwa sababu haji mikono mitupu). Mama yake alikuwa amefariki Kitui. Mwajiri wake hakumpa ruhusa ya kusafiri, alimpa Ijumaa mchana. Kwa hivyo wazazi wangu na watu wa fellowship yetu ya kanisa wakafanya vile watu wetu wa huku hufanya: matanga yakawa sebuleni kwetu, na mazishi tungeyafuata kwa simu ya video kwenye TV. Anti hakuomba chakula wala maua. Aliomba kitu kimoja, kwamba mama yake akishushwa kaburini, naye atupe udongo kama watoto wengine wa marehemu, hata kama udongo wenyewe ni wa Qatar.

Ijumaa asubuhi mama akanituma kiwanjani nyuma ya jengo nikalete mchanga safi, niuondoe mawe, niuweke kwenye balkoni. Nikauleta. Lakini nyoka wangu mle mtungini alikuwa ananitazama vibaya, na nilikuwa nimesoma kwamba bila mchanga hawa wanakosa raha, nikasema acha nimpe huu, nitakwenda kuchukua mwingine sasa hivi. (Hiyo "sasa hivi" ndiyo naomba muikumbuke.) Nikaumimina wote kwenye dishi kubwa la plastiki ambalo mama huwekea unga, nikafungua mtungi kwa koleo la chapati nikiwa nimesimama juu ya ndoo, naye akaingia, akajitikisatikisa, akazama. Hata pembe hazikuonekana. Nikatoboa mfuniko, nikafunika, nikasukuma dishi nyuma ya mashine ya kufulia.

Halafu nikaitwa nikaazime viti kwa majirani. Kutoka viti nikatumwa barafu, na kwenye bakala, lile duka la chini, foleni ilikuwa ndefu. Nilipopanda na barafu, sebule ilikuwa imejaa watu wamevaa nyeusi, mchungaji anaomba, macho ya wote yamefumbwa. Kwenye TV kulikuwa na hema, watu wamesimama, na jeneza juu ya kamba. Na mbele ya TV, juu ya kistuli, juu ya kile kitambaa cheupe ambacho mama alikifuma kwa mkono wake, dishi langu. Mfuniko haupo. Kando yake sinia la kutupia mchanga, na Anti Mueni amepiga magoti.

Baadaye mama aliniambia kwamba alipoliona kule balkoni alifurahi, akajua mwanawe amekua, kauokota mchanga mzuri na kuutobolea mfuniko ili usichachuke na joto.

Nikaweka barafu chini. Nikatambaa katikati ya miguu ya watu, nikashika ukingo wa dishi nilivute polepole, na mama, bila kufumbua macho, akalidaka sikio langu. Nikamnong'oneza, "Mama, humu ndani kuna nyoka."

"Hata leo, Kevo?" akanijibu, sauti yake imechoka sana.

Baba alikuwa amesikia, naye akanitazama mara moja, akarudi kwenye maombi. Hapo ndipo nilipojua kazi niliyokuwa nikiifanya miaka yote. Nilikuwa nimetania hadi siku ya kusema kweli sikubaki na wa kuniamini.

Mchungaji akasema amina. Huko Kitui, Mutua, kakake Anti, akaisogeza simu kwenye maikrofoni ya mwenye kuongoza shughuli ili dada yake aage. Anti akaongea Kikamba, mimi nilishika neno moja tu, mwaitu, yaani mama yangu, alilirudia na kulirudia. Kamba zikaanza kulegezwa. Anti akanyoosha mkono kwenye mchanga.

Nilipiga kelele, "Usiguse! Kuna nyoka ndani!" na nikalipiga dishi teke.

Mchanga ukamwagika zulia zima. Wote wakanigeukia. Nimewahi kutazamwa kama mjinga mara nyingi, lakini si hivyo. Baba alikuwa ameshasimama anatoa mkono wa kunishika shati. Kisha mchanga ukatembea.

Sitawaambia nani alipanda juu ya nani. Mchungaji nilimwona juu ya mgongo wa kochi na Biblia yake kichwani. Mtu akaukanyaga waya na TV ikazimika. Baba akanyakua sufuria kubwa ya pilau, akamfunika nayo yule nyoka, akaikalia akiwa na suti na tai, akakaa hapohapo mpaka wakaja watu wa kukamata wanyama, na muda huo wote hakunitazama.

Anti Mueni peke yake hakukimbia. Alibaki amepiga magoti, kiganja wazi. Akauliza, "Wameshamaliza?" Simu iliporudi hewani, walikuwa wanapanga maua juu ya kaburi.

Mnadhani imeisha. Mutua alituma video. Jeneza linashuka taratibu, watu wanalia, na ghafla kutoka kwenye spika zote za hema inasikika sauti yangu, kuna nyoka ndani, na wale vijana wa kamba wanachungulia kaburini. Mmoja akaachia kamba. Jeneza likainama, mama mmoja akaruka ua na kiatu kimoja, mzee mzima akakimbilia mahindini, na mwenye maikrofoni anabembeleza, "Tulieni jamani, nyoka yuko Qatar." Hadi leo kuna majirani wanaopita mbali na kaburi hilo.

Anti aliporudi kwetu mapumziko yaliyofuata, nilikuwa nimeleta mchanga mwingine. Niliuchekecha kwa kichujio cha chai cha mama hadi kikatoboka. Hakuna aliyenituma. Akaifungua video, akaisimamisha kabla tu ya sauti yangu, jeneza likiwa bado limenyooka juu ya kamba. Nikamwekea beseni mbele yake, nikamwambia ni safi.

Akautazama mchanga. Akanitazama mimi.

"Anza wewe," akasema.

Nikaingiza mkono hadi chini kabisa, nikakoroga pande zote, nikauacha humohumo. Ndipo akaingiza wake kando ya wangu, akachota, akaumimina kwenye sinia kidogo kidogo, akisema mwaitu, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kuongeza.

Darasani bado wananiuliza nyoka wangu anaendeleaje. Nawaambia sifugi tena, hata mshipi. Wanacheka, wanadhani natania.