Kadi za Kula

Mwalimu Rahab Gathoni hakuwa mtu wa kutupa vitu. Mimi nilikuwa mpishi katika nasari yake, shule ya watoto wadogo, pale Endebess kwa miaka tisa, na nasema haya bila kumvika kilemba cha ukoka: mwanamke yule alikuwa na kichwa. Alikuwa mbishi pia, na hata chai hakujua kuipika, lakini hayo tuyaache.

Kila Januari alichukua kiondo chake akaenda Kitale. Maofisini huko kadi za Krismasi zilikuwa bado zinaning'inia kwenye kamba ukutani, zimeanza kuingia vumbi. Aliwawahi makarani kabla ya mfagiaji. "Mmeshazisoma, si ndio? Basi nipeni." Alirudi na kiondo kimejaa nyota, kengele, ngamia na wazee wa ndevu nyeupe. Mara ya kwanza nilipoziona nilimwambia, "Mwalimu, hizi ni nzuri za kuwashia jiko." Hakusema nami mpaka saa nane.

Upande wenye picha aliukata, akautoboa pembeni kwa sindano ya fundi wa viatu, na watoto wakajifunza kushona kwa kupitisha uzi wa sufu kwenye vitundu. Upande ulioandikwa alikata sehemu nyeupe akaandikia herufi. Karatasi ya dhahabu ikawa nyota za kubandika kwenye daftari la mtoto aliyefanya vizuri. Hata kadi moja iliyokuwa ikiimba ukiifungua haikuachwa. Alikitoa kile kidude cha kuimba akakifunga ndani ya kifuniko cha mkebe wa sukari, kwa sababu sukari ilikuwa inapungua na hakutaka kuuliza ni nani. Siku iliyofuata nilifungua mkebe na wimbo ukasikika hadi darasani. Watoto walipiga makofi. Tangu siku ile nilikunywa chai na sukari yangu ya nyumbani.

Lakini kazi kubwa ya kadi zile ilikuwa chakula cha mchana. Wazazi wenye uwezo walileta mkebe wa gorogoro wa mahindi na wa maharagwe, na wasio nacho hawakuleta. Zamani, saa sita ikifika, niliita majina ya waliolipiwa, na wengine wakaambiwa waende wakacheze. Aliyekuwa akiita ni mimi, kwa hivyo sijitoi kwenye lawama. Siku moja Mwalimu alimkuta mtoto nyuma ya tangi la maji anatafuna mkono wa sweta yake. Hakunigombeza. Alienda kukaa na makasi yake, na Jumatatu yake kamba ikafungwa mlangoni, ina kadi nyingi kuliko watoto.

Kila mtoto, akiingia asubuhi, alichagua kadi anayoipenda. Saa sita alinipa kadi, nami nikampa sahani ya githeri, yale mahindi na maharagwe. Mwenye kadi haulizwi nani kaleta nini. Nilimwambia Mwalimu sufuria haitatosha. "Ongeza maji, Jerono," alisema, na kwa kweli siku nyingi ilitosha. Watoto waligombania zaidi zile za theluji. Hakuna aliyewahi kuiona theluji, wakaamua ni unga umemwagika juu ya nyumba, na mwenye kadi ya unga alitembea kifua mbele.

Sasa mwaka 2002. Mwezi wa kumi na moja, kadi zilikuwa zimechakaa kwa vidole vya githeri, na Mwalimu hakutaka kungoja Januari. Aliandika tangazo lisomwe kanisani: watu walete kadi kuukuu za Krismasi, atengeneze kadi za kula za watoto. Akampa mzee wa kanisa, Nyongesa, mtu wa Bokoli, mwema sana, ambaye Mungu alimnyima tu kutofautisha L na R. Mahubiri siku ile yalikuwa marefu, na Mzee Nyongesa alikuwa amesahau miwani. Akaamua kutangaza kwa kichwa.

"Mwarimu Lahabu anaomba kadi," alisema kwa sauti kubwa. "Mtu arete kadi yake kwa nasari. Ni kadi za kura. Za watoto."

Uchaguzi ulikuwa umebaki mwezi mmoja.

Nilimtazama Mwalimu. Aliinuka nusu, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba, akaketi. Alifikiri watu wataelewa. Kumbe wengine walielewa kwa namna yao: Mwalimu amepewa kitu na mwanasiasa, ananunua kadi za kura. Na wengine, wale waliompenda, hawakuuliza. Walimletea tu. Wiki nzima watu walipita dirishani kwangu na bahasha, nami nikazitia kwenye gunia bila kuzifungua.

Alhamisi naibu wa chifu alikuja na askari wawili. Alimwaga gunia lote juu ya meza ya watoto. Katikati ya ngamia na kengele, alikuta kadi kumi za kura, za watu wazima wenye akili zao. Mimi nilianza kueleza habari ya L na R, na naibu akaniambia nifunge mdomo.

"Kura ni tarehe ishirini na saba," alimwambia Mwalimu. "Kila mwenye kadi arudishiwe kwa mkono, aweke kidole kuonyesha amepokea. Ikibaki hata moja, nitakufungia hii nasari na utaenda kujieleza kituo cha polisi."

Mwalimu alichukua upande mweupe wa kadi kubwa ya Krismasi, akapiga mistari kumi, na kwa siku nne tulizunguka Endebess yote na kibweta cha wino. Wengine walicheka. Wengine walipokea kwa ncha za vidole wakafunga mlango. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao. Hilo lilimuuma, niliona. Lakini vidole kumi vilipatikana, naibu akatia sahihi, na Mzee Nyongesa akaomba msamaha kanisani kwa maneno yasiyo na L wala R hata moja, jambo lililomchukua muda.

Siku ya Krismasi, baada ya kula, tuliketi kwake kukata kadi. Alifungua moja nene, ya kukunjwa mara mbili, na kitu kikaanguka miguuni pake. Kadi ya kura. Jina: Naliaka. Kituo: Bokoli.

Nilimjua Naliaka. Alikuwa mamake Mzee Nyongesa, mjane, alikuja Endebess kumsaidia mwanawe kuanika mahindi, kisha akarudi kwao. Nilikumbuka hata mkono wake dirishani.

"Choma," nilimwambia. Ndiyo, mimi nilisema hivyo. "Naibu ameshatia sahihi. Ukionekana tena na kadi ya kura mkononi, siku mbili kabla ya uchaguzi, nasari imekwisha. Na huyo ni mama mzee, hata hatakumbuka."

Mwalimu alikuwa anaipangusa kwa kitambaa. "Atakumbuka kesho kutwa asubuhi," alisema, "akiwa kwenye foleni."

"Basi tumpe Nyongesa apeleke."

"Iliingia kwa gunia langu, Jerono."

Nilimkasirikia, kisha nikaenda kutafuta viatu vyangu. Asubuhi yake tuliondoka mapema. Mwalimu alikuwa ameificha kadi ndani ya Biblia, pamoja na karatasi nyeupe yenye mstari mmoja, kibweta cha wino nikakibeba mimi, na kila tulipoona askari barabarani alianza kusoma Zaburi. Webuye tulishuka kwenye matatu, tukaenda kwa miguu, tukiuliza njia. Jua lilikuwa kali na mimi nilinung'unika njia nzima.

Tulimkuta bibi Naliaka, Kukhu kama wanavyosema kwao, uani anabambua njugu. Mwalimu alimwamkia kwa heshima, "Mulembe, Kukhu," kisha akapiga magoti akatoa kadi.

"Nimekuja kuomba msamaha. Kadi yako ya kura iliingia kwangu kwa makosa."

Kukhu aliitazama kadi bila kunyoosha mkono. "Makosa gani? Niriiweka mimi mwenyewe."

"Watu walisikia vibaya tangazo, Kukhu. Wote wamechukua zao."

"Nirisikia. Mimi sikuja kuchukua." Aliweka ungo chini. "Nimepiga kura tangu uhulu, mwarimu. Nimepiga nikiwa na mimba ya Nyongesa, nimepiga nikiwa mjane. Sijaona hata moja imerisha mtoto. Harafu nikasikia iko kadi Endebesi, mtoto akiipeana anapewa sahani. Nikasema basi, yangu iende huko."

"Lakini Kukhu," Mwalimu alisema polepole, kama anavyosema na watoto, "zile ni kadi za kula. Ku-la. Si za kura."

Kukhu alimwangalia mdomo, akayajaribu maneno yote mawili. "Kura," alisema. "Na kura." Akacheka mpaka akashika kifua. "Kwangu hiyo ni neno moja. Ni nyinyi mrisoma mkazitenganisha."

Mwalimu naye akacheka, na mimi machozi ya kicheko yalikuwa yameshanitoka, wala sioni haya kusema.

Hatimaye Kukhu alinyoosha mkono, lakini hakuipokea kadi. Aliushika mkono wa Mwalimu, kadi ikiwa bado ndani yake.

"Nikichukua hii," aliuliza, na sasa hakuwa anacheka, "ni mtoto yupi atakosa?"

"Hakuna, Kukhu."

"Huyu mpishi wako amesikia?"

Aligeuka kunitazama. Nilifikiria sufuria, na gorogoro zilizopungua tangu wazazi wale wawili waondoke, na majina niliyowahi kuita kwa sauti mlangoni.

"Nimesikia, Kukhu," nilisema. "Hakuna atakayekosa."

Ndipo akaipokea kadi, akaweka kidole.