Pipi Tano na Sweta

Juzi nilimkuta mama akimtilia binti yangu pakiti nzima ya pipi kwenye begi la shule. "Leo besdei yako, kawagawie wenzako. Usiwe mchoyo."

Mimi, nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Kalenga, siku ya besdei yangu alinipa pipi tano. Nilidhani ni za darasa zima. Nilizifunika kwa pindo la sweta lililonuka moshi, nikazing'ata moja moja, ka! ka!, hadi kila mtu akapata chembe. Mimi nililamba pindo. Nyumbani mama aliliona linanata, akafoka: "Nimekupa ule wewe, unalisha kijiji?" Akanisogezea beseni la maji ya baridi nilifue.

Nilipomkumbusha juzi, alishangaa kabisa. "Mimi? Nilikukataza lini?"

Sasa lile sweta nililifua kwa nini?