Sufi Isiyoungua

Kidawa wa Mingoyo alikuwa mshona magodoro. Sufi aliichambua kwa vidole, mbegu moja moja, na mteja wake hakuamka na mgongo unaouma.

Soko huria lilipoingia, kiwanda cha korosho kikauzwa, na mnunuzi akang'oa mashine ziwe vyuma chakavu. Mabomba ya boila yalikuwa yamevikwa kitu cheupe, laini. Akamwita Kidawa.

"Chukua bure, mama. Sufi ya kizungu hii, haiungui." Akawasha kiberiti kuthibitisha.

Mwenyewe alikuwa amejifunga leso puani. Alijua, mtu yule wa kutia kinyaa, akampa mwenzake zawadi.

Msimu mzima Kidawa alichambua na kujaza, vumbi likatanda chumbani. Mto mmoja akajiwekea mwenyewe.

Miaka mingi baadaye pumzi ikaanza kumkatika. Akameza dawa za kifua kikuu bila nafuu, hadi binti yake, Mwahija, alipompeleka kwa daktari wa mapafu. Nilifuatana nao, mimi jirani yao.

"Sufi ile ya kizungu ni asbesto, mama," daktari alisema. "Nyuzi zake ukizivuta zinachoma ndani ya mapafu. Askari wa mwili huzimeza, lakini hawawezi kuziyeyusha. Wanakufa, wanamwaga sumu yao palepale. Pafu linavimba, linabaki kovu. Wanakuja wengine, nao hivyo hivyo, miaka yote."

"Dawa?"

"Ya kupunguza tu. Kovu haliondoki."

Kidawa hakulia. Aliuliza habari ya Mwahija, aliyekuwa mtoto akicheza katika vumbi lile. Mwahija akapigwa picha ya kifua.

"Kwa sasa safi," daktari alisema. "Lakini asivute vumbi lile tena. Kilichobaki nyumbani kiloweshwe, kifukiwe."

Tulipofika nyumbani, Mwahija alikwenda moja kwa moja kitandani, kwenye mto ambao mama yake aliuegemea kila usiku kwa kuwa hawezi kulala chali.

"Usiuguse!" Kidawa alifoka, akakohoa mpaka akainama. "Mie tayari nimeharibika. Wewe toka nje!"

Nilipotaka kuubeba alinifukuza pia. Akaumwagia maji, akaubeba mwenyewe hadi shimoni, akisimama kila mara kutafuta pumzi.

Asubuhi nilimkuta ameketi, mgongo ukutani. Alikuwa akimtajia Mwahija, jina kwa jina, watu wote aliowashonea magodoro msimu ule.