Njuga za mdogo wangu zilikuwa zikilia uani, yeye mwenyewe hayupo (Likoni, kabla ya uhuru)

Wakuu, heshima yenu, wakubwa kwa wadogo. Niliyoyaona kwa macho nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitasema niliambiwa. Chumvi sitatia.

Niliyoyaona ni haya: mwanambuzi mchanga amefungwa kwenye mpapai wa uani kwetu, na mguuni amevishwa njuga za mdogo wangu. Kila akiruka, njuga zalia. Mdogo wangu hayupo.

Sasa turudi nyuma kidogo nisije nikawachanganya.

Kwetu ni Likoni. Ilikuwa karibu na uhuru, bendera ya Mwingereza ingali juu. Mimi nilikuwa msichana mdogo wa chuoni, chuo cha Kurani, ndio kwanza nimefika juzuu ya pili. Mdogo wangu Bakari, tuliyemwita Baka, alikuwa amejua kutembea, ila kusimama ghafla hajajua, kwa hiyo alisimama kwa kuanguka.

Baba alivuka kivuko kila asubuhi kwenda kupakua mizigo bandarini. Mama alisuka makuti ya kuezekea, akayauza. Alikaa kibandani ubavuni mwa nyumba, na Baka alimwacha acheze uani, upande wa pili, kwa sababu njiti za makuti zinachoma na mtoto hutia kila kitu jichoni.

Watu wa bara huenda hili hamlijui. Kwetu, mtoto akianza kutembea huvishwa njuga, vile vikengele vidogo vilivyotungwa kwenye uzi. Ni pambo, na pia ndiyo macho ya mama aliyeshika kazi.

Mama alizisoma njuga zile kama mtu asomavyo barua. "Hizo za haraka, afukuza kuku." "Hizo za kusita, kaona siafu." Zikinyamaza ndipo alipotupa kuti akakimbia, maana Baka akinyamaza ana kitu kinywani.

Na raha za mtoto yule! Aligonga mguu chini azisikie, akacheka, akagonga tena, akacheka upya kana kwamba hajapata kuzisikia. Akisikia adhana alisujudu papo hapo alipo, hata kama ni juu ya mavi ya kuku. Mama alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi kwa leso.

Lakini miaka ile kulikuwa na hofu. Watu walisema mumiani wanazunguka, wanakamata watu, zaidi watoto, wawanyonye damu ikafanyiwe dawa. Sikupata kumwona mtu aliyemwona mumiani. Kila mtu alikuwa na shangazi aliyemwona. Sisi watoto, gari tusilolijua likipita, tuliingia ndani.

Siku yenyewe nilirudi kutoka chuoni jua limeshakuwa kali. Mama alikuwa kibandani, mikono kazini.

"Mwanasha!"

"Abee, mama."

"Hebu nitizamie nduguyo. Leo sijui kala nini, hatulii hata kidogo."

Na kweli, njuga zilikuwa zikilia bila kupumzika. Nikazunguka nyumba nikicheka.

Nikamkuta yule mwanambuzi.

Shingoni ana kamba ya usumba wa nazi, imefungwa kwenye mpapai, fupi, asiweze kufika upande wa Mama. Njuga mguuni zimefungwa fundo zuri. Nakumbuka niliangalia nyuma ya mpapai, kama kwamba mtoto angeweza kujificha nyuma ya mti mwembamba hivyo.

Nikamwita Mama. Alipofika aliitazama ile kamba, akanitazama mimi, kisha akapiga ukunga ambao sijapata kuusikia tena maishani.

Majirani wakaja. Wa kwanza alikuwa Bi Mishi, mwenye yule mwanambuzi. Alisema mbuzi wake hutembea mji mzima, hakumkabidhi mtu, na kamba si yake.

"Na wewe nawe," akamwambia Mama, "kulea kwa masikio! Mwana hatazamwi?"

"Bi Mishi, nionee huruma. Nisute kesho, leo nisaidie."

Bi Mishi akajifunga leso kiunoni, akawa ndiye anayeita zaidi ya wote.

Tulitafuta. Chini ya vitanda, ndani ya pipa, kwenye mihogo, chooni. Mtu akasema gari la kijivu lilipita asubuhi. Mwingine akasema halikuwa la kijivu. Neno mumiani halikutamkwa mbele ya Mama, lakini niliona midomo ikilitamka.

Kisha wote wakageukia kisima.

Mjomba Suleimani, kakake Mama, akashuka kwa kamba. Kisima chetu hakikuwa na ukuta, ni vigogo tu vilivyolazwa mdomoni. Mama alikaa chini akashika nyasi kwa mikono miwili. Mimi nilimshika yeye begani. Kutoka chini tulisikia maji yakipigwapigwa, basi.

Mjomba akatoka, tope mpaka kidevuni.

"Hamna kitu, dada."

"Apa."

"Wallahi hamna. Nimepapasa mpaka chini."

Mama akasema, "Basi wamemchukua," kwa sauti ya kawaida kabisa, na sauti ile iliniogopesha kuliko ukunga.

Wanaume wakagawana, wengine kivukoni, wengine barabara ya kusini. Sisi wanawake tukarudi nyumbani tumpe Mama maji.

Baka alikuwa amekaa barazani.

Baraza la mbele, wakuu, ambalo sote tulikuwa tumelipita mara nyingi. Amekaa katulia, miguu inaning'inia, ana kipande cha halua mkononi, anailamba. Mama alimvamia. Alimgeuza, akamwangalia shingo, mikono, nyayo, akitafuta jeraha. Hakuna. Baka alilia kwa sababu halua ilianguka.

Baba aliporudi alikata zile njuga, na hatukumvisha tena. Mama hakusuka tena makuti mpaka Baka alipoanza chuo. Mwanambuzi, Bi Mishi alimuuza. Alisema hamtaki machoni.

Kwa nini nayaandika leo? Binti yangu amemnunulia mjukuu wangu vile viatu vinavyolia *pwii, pwii* mtoto akikanyaga. Nyumba nzima inacheka. Mjukuu anakanyaga, anacheka, anakanyaga tena. Nami nafurahi naye, lakini nikiwa jikoni nikasikia *pwii*, nazima moto niende nikamtazame usoni. Binti ananiambia, "Mama, si wamsikia yuko hapo?" Naenda vilevile.

Nililojifunza ni hilo tu. Mtoto umwone. Mwenye wazee wa Likoni au Mtongwe aliyewahi kusikia kisa kama hiki, aniandikie hapa chini, na mwenye swali aulize.

Limebaki jambo moja. Baka alitoka nyumbani na kikaptula tu, kifua wazi. Barazani tulimkuta ameogeshwa, ananukia sabuni ambayo nyumbani kwetu haikuwahi kuingia, kucha zake zimekatwa, na amevaa kanzu mpya nyeupe iliyoshonwa kwa mkono. Mama aliigeuza ile kanzu mbele na nyuma akitafuta alama ya fundi, hakuona. Mabegani, mikononi, shingoni, ilimkaa Baka sawasawa, kama ya mtu aliyepimwa.